Seli tano kwenye kichupa

Wadau, kila baada ya muda naiona habari ile ile ikizunguka kwenye simu: kipimo cha damu sasa kinagundua saratani! Kabla hujamtumia shangazi, hebu tuongee kidogo kuhusu hicho kichupa cha damu chenyewe.

Kwamba seli za saratani husafiri kwenye damu si jambo jipya. Daktari Thomas Ashworth aliziona kwa darubini huko Australia mwaka 1869, kwenye damu ya marehemu aliyekuwa na saratani. Kazi ni kuzikamata. Mililita moja ya damu ina seli nyekundu mabilioni na nyeupe mamilioni, na ya saratani pengine moja, pengine hamna. Mfumo wa CellSearch, ulioidhinishwa Marekani mwaka 2004, huchukua mililita 7.5 na kuchanganya na chembechembe za chuma zilizobebeshwa kingamwili. Hizo hunasa protini iitwayo EpCAM juu ya seli, halafu sumaku inavuta. Kisha zinatiwa rangi na kuhesabiwa. Kwa mwanamke ambaye saratani ya titi imeshasambaa, seli 5 au zaidi ni dalili mbaya. Akiwa na 4, anawekwa kundi lenye nafuu.

Seli moja tu, jamani! Na seli zenyewe huharibika upesi zikishatoka mwilini. Kwenye kichupa cha kawaida cha EDTA zinatakiwa kushughulikiwa ndani ya saa chache. Kichupa cha CellSave kina dawa ya kuzihifadhi hadi saa 96, ila kisiingie kwenye friji, na joto lisizidi nyuzi 30. Sasa fikiria mchana wa Februari hapa Dar, kichupa kiko kwenye begi nyuma ya bodaboda. Hata sindano ina mambo yake: inaweza kubeba seli za ngozi zikavuruga hesabu, ndiyo maana damu ya mwanzo hutengwa. Na seli iliyopoteza EpCAM sumaku haiioni kabisa. (Parsortix, iliyopata kibali Marekani mwaka 2022, inazinasa kwa ukubwa na ugumu wake, kwa hiyo haitegemei EpCAM.)

Mimi sipingi sayansi hii, naipenda. Ninachopinga ni kuiuza kama ramli. Utafiti wa Marekani uitwao S0500, uliotoka mwaka 2014, uliwabadilishia dawa mapema wanawake ambao hesabu yao haikushuka baada ya duru ya kwanza ya tiba. Hawakuishi muda mrefu zaidi ya wenzao. Namba ilisema kweli kuhusu ugonjwa, lakini dawa bora ya kuwapa haikuwepo.

Kwa hiyo mtu mzima wa afya akiuziwa kipimo hiki "kujua mapema", mimi ningeuliza damu itatolewa saa ngapi, itapita wapi na itafika maabara lini. Na mwenye uvimbe bado anahitaji kukatwa kinyama kikapimwe. Asisubiri sumaku.

Nyie mnasemaje?