Ana Tabia Nzuri, Aongeze Bidii

Mwezi huu mapenzi na ndoa vinisubiri kidogo, maana kuna jambo limeninyima usingizi.

Likizo iliyopita nilikuwa na binti wa dada yangu, yuko darasa la nne. Mtoto mpole, madaftari masafi, mwandiko unapendeza. Jioni moja nikamwomba anisomee hadithi kwenye kitabu chake cha shule. Akaanza vizuri tu. Tulipofunua, karatasi mbili zilikuwa zimegandana, tukaruka kurasa bila kujua. Mtoto akaendelea na maneno ya zile kurasa tulizoruka! Yaani macho yako huku, mdomo uko kule. Jamani, nilishtuka. Kumbe kitabu kizima amekikariri. Nikampa gazeti asome, akaanza kulia.

Ripoti zake tangu darasa la kwanza zinasema yaleyale: "Ana tabia nzuri, aongeze bidii." Na mimi, mama yake mdogo, nilishawahi kumwita mvivu. Hilo ndilo linaloniuma.

Ndipo nikaanza kusoma kuhusu disleksia, ugumu wa kusoma ambao hautokani na uvivu wala upungufu wa akili. Si jambo jipya. Mwaka 1896 daktari mmoja wa Uingereza, W. Pringle Morgan, aliandika habari za mvulana wa miaka 14 aliyeshindwa kabisa kusoma, ingawa mwalimu wake alisema angekuwa hodari kuliko wote shuleni kama masomo yangekuwa ya mdomo tu. Wengi wetu tunadhani ni tatizo la macho, mtoto anaona herufi kinyumenyume. Watafiti wengi wanasema shida kubwa iko kwenye sauti: mtoto anapata taabu kuligawa neno katika sauti zake na kuzioanisha na herufi.

Sasa sikia hili. Mwaka 1983 Sally Shaywitz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walianza kufuatilia watoto zaidi ya 400 wa jimbo la Connecticut tangu chekechea. Shule zilikuwa zikiwatambua wavulana wengi zaidi kuwa na shida ya kusoma. Watafiti walipowapima watoto wote wenyewe, wakakuta wasichana na wavulana wanakaribiana. Walitangaza hayo mwaka 1990. Tafiti za baadaye zimekuta wavulana wamezidi, lakini si kwa pengo lile la shuleni. Mvulana akishindwa anasumbua darasa, mwalimu anamwona. Binti anakaa kimya, anakariri.

Halafu Kiswahili chetu nacho kinaficha. "Ba" ni "ba" siku zote, kwa hiyo mtoto wa namna hii anaweza hatimaye kusoma bila kukosea, ila polepole mno. Watafiti wa Ufini, ambako lugha yao nayo husomwa kama inavyoandikwa, wameliona hilo kwa watoto wao. Kikija Kiingereza chenye herufi zisizotamkwa, ndipo mambo yanaharibika.

Na tatizo hili hutembea kwenye familia. Nilipomweleza dada alinyamaza, kisha akaniuliza, "Unakumbuka baba alivyokuwa anatusomesha gazeti kila jioni, eti tujifunze? Wewe uliwahi kumwona analisoma mwenyewe?"

Sikuwahi.

Vidonge vya kutibu hakuna. Kinachosaidia ni kufundishwa sauti na herufi kwa utaratibu, kidogo kidogo, kila siku, na mapema kadiri inavyowezekana. Dada ameenda kuongea na mwalimu, na namshukuru mwalimu hakubisha. Wewe ukitaka kumjua mwanao, usimpe kitabu anachokijua. Mpe ukurasa mpya, ficha picha, halafu nyamaza umsikilize. Kunyamaza ndiyo kazi, nakwambia!

Sisi tunafanya dakika 15 kila jioni, tunapiga makofi kwa kila silabi mpaka majirani wanadhani tuna kwaya. Juzi amesoma mistari minne ya habari za mpira ambayo hakuwahi kuiona. Chai yangu ilipoa kabla hajamaliza. Akaniuliza, "Mamdogo, kesho tena?"

Kama nawe una mtoto wa hivi nyumbani, niandikie. Tukutane mwezi ujao.