Neno Hili "Kwa Muda" Lamdhulumu Mtoto



Wapo watu, na baadhi yao ni wasomi, ambao kila wakitaka kutufunza namna ya kutawala hututolea mfano wa Marekani. Si neno, mfano mwema hufuatwa popote utokako. Leo basi twataka tuufungue mmoja katika mifano hiyo tuutazame ndani, nao ni khabari ya skuli kwa watoto wasio na makao, waliomo mikononi mwa serikali "kwa muda".

Tuanze kwa insafu. Sheria yao ni nzuri. Rais Ronald Reagan aliitia saini Julai 1987, ikapewa jina la Mbunge Stewart McKinney, aliyefariki Mei ya mwaka ule baada ya kuwatetea wasio na nyumba. Baadaye likaongezwa jina la mwenziwe, Bruce Vento. Tangu marekebisho ya 2001 sheria hiyo yaamuru kwamba mtoto aliyekosa makao apokewe skuli papo hapo, hata kama hana hati ya kuzaliwa, wala cheti cha chanjo, wala barua ya skuli aliyotoka. Akitaka kubaki katika skuli yake ya zamani, ingawa wazee wake wamehamishiwa upande wa pili wa mji, abakishwe, na usafiri apatiwe. Na asitengwe katika skuli ya masikini peke yao. (Hapa palitobolewa tundu: wilaya tatu za California na moja ya Arizona ziliachiwa skuli zao za namna hiyo, kwa hoja kwamba zilikuwako tayari. Ubaguzi ukitangulia kufika, kumbe huombewa radhi!)

Nani ataikataa sheria hii? Sisi hatuikatai. Tunalolikataa ni serikali kuandika kwa mkono wa kulia na kufuta kwa mkono wa kushoto.

Tazameni mji wa New York. Mji huo, kwa mapatano ya mahakamani ya 1981 na kesi zilizofuata, umefungwa kuwapa kitanda wasio na pa kulala. Lakini Oktoba 2023 Meya Eric Adams alitangaza kwamba familia za wahamiaji wenye watoto zitapewa ilani ya siku 60, kisha zitoke. Tarehe 9 Januari 2024 familia za kwanza zilitolewa katika hoteli moja karibu na Times Square, na mizigo yao mikononi, katikati ya baridi na katikati ya mwaka wa masomo. Aliyekosa pa kwenda aliambiwa arudi kwenye foleni aombe kitanda kingine, popote kitakapopatikana.

Watetezi wa Meya walisema mji umeelemewa, kwani wageni waliofika tangu 2022 walikuwa wengi mno. Na hilo ni kweli, hatuna haja ya kulificha. Walisema pia kwamba hapana mtoto aliyepoteza skuli, maana sheria yamruhusu kubaki. Yamruhusu! Kitanda kimepelekwa Queens, skuli ipo Manhattan, na basi bado linapangwa. Mtoto wa miaka sita aamke kabla ya alfajiri, abadilishe treni mbili pamoja na mama asiyejua lugha ya vibao. Haki ya namna hii twaijua sisi wenye maduka: ni mkopo ulioandikwa daftarini na mdaiwa amekwisha panda jahazi.

Na usiku ule ule wa 9 Januari, huko Brooklyn, watu wapatao 2,000 waliokuwa wakiishi katika mahema ya Floyd Bennett Field, kiwanja cha ndege cha zamani, walihamishwa kwa hofu ya dhoruba wakalazwa katika skuli ya James Madison. Asubuhi yake wanafunzi wa skuli ile waliambiwa wasomee majumbani. Hasira za wazazi ziliwashukia wageni, ilhali aliyechagua kuweka watoto ndani ya mahema kwenye uwanja mtupu wakati wa baridi hakuwa mgeni.

Tuliosoma vyuoni twalijua jambo hili bila ya kuambiwa na mtaalamu. Mtoto akihamishwa chuo kila baada ya miezi miwili, kila mwalimu humrudisha nyuma amsikilize upya; wenziwe wamekwisha juzuu, yeye yungali katika alifu. Katika skuli za New York, mwaka wa masomo wa 2023-24, wanafunzi waliokosa makao walipita 146,000, na mwaka uliofuata wakapita 154,000. Wengi wao wamebanana kwa jamaa. Lakini katika wale wanaolala katika makazi ya serikali, zaidi ya nusu hukosa angalau siku moja ya masomo katika kila kumi.

Na fedha je? Mwaka 2023 serikali kuu ya Marekani ilitenga dola milioni 129 kwa kazi hii katika nchi nzima, na watoto waliohesabiwa skulini kuwa hawana makao katika mwaka wa masomo wa 2022-23 walikuwa kiasi cha milioni 1.37. Mwenye mizani na agawe. Haifiki dola 100 kwa mtoto kwa mwaka mzima. Basi, viatu, madaftari na mshahara wa msimamizi vyote vitoke humo.

Wako walio na hali ya pekee: watoto walioondolewa kwa wazazi wao na serikali yenyewe, wakingoja kupatiwa walezi. Zamani nao walitajwa katika sheria ya wasio na makao. Sheria ya Desemba 2015 iliwatoa humo, ikawawekea masharti yao mbali: wabaki skuli yao ikiwa ndiyo maslaha yao, na gharama ya usafiri ikizidi, idara ya ustawi iilipe, au mamlaka ya skuli ikubali kuilipa, au wagawane. Soma tena, ndugu msomaji: au, au, au. Sheria iliyomwamuru mtoto ahudhurie kila siku haikumtaja kwa jina mmoja wa kulipa. Maafisa wawili wameketi, kila mmoja atazama mfuko wa mwenziwe, na kengele ya skuli imekwisha lia.

Twataka tuambiwe na wanaotuletea mfano huu: kwa nini siku 60 zisihesabiwe kwa kalenda ya skuli, familia isiguswe mpaka muhula umalizike? Na kwa nini anayelipa basi asitajwe kabla ya kitanda kuhamishwa?