Usimfute Bibi Makunyanzi Yake

Katika nyumba nyingi ipo picha moja tu ya bibi: ndogo, imefifia, na pembe yake imeliwa na unyevu. Bibi mwenyewe ameshatutoka. Wajukuu wanaozaliwa sasa watamjua kwa picha hiyo peke yake. Ndiyo maana wengi wetu tunatamani kuichora upya, na siku hizi hata simu yaweza kuifanya kazi hiyo. Zipo programu za kuchorea zinazopatikana bure, kama ibisPaint kwenye simu na Krita kwenye kompyuta. Lakini kazi yenyewe ina vikwazo. Hebu tuviangalie.

Kuipiga picha ya zamani

Iweke mezani karibu na dirisha, mahali penye mwanga pasipopigwa na jua, uipige kwa simu ukiwa umezima taa ya kamera. Ikiwa imegandamana na kioo cha fremu, usiivute. Ipige hapo hapo. Zima pia kirembesho cha kamera, maana hubadilisha sura kabla hatujaanza kuchora. Ukitaka kuchapisha kwa ukubwa wa A4, fungua ukurasa wa pikseli 2480 kwa 3508. Mchoro mdogo ukikuzwa baadaye hutoka na ukungu.

Kuchora kwa tabaka

Tabaka ni kama karatasi za nailoni zilizopangwa moja juu ya nyingine. Picha ya zamani ikae chini, ififishwe, kisha tuchore mistari kwenye tabaka la juu yake. Rangi nazo ziwe na tabaka lao, ili ukikosea rangi, mistari isiguswe. Mara kwa mara igeuze picha, kushoto kuwe kulia. Jicho lililokaa kombo utaliona mara moja.

Rangi ya ngozi

Hapa wengi hukwama. Tusiiamini sana rangi ya picha ya zamani. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha picha zilipima rangi kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mzungu, iliyojulikana kama kadi ya Shirley. Ngozi nyeusi haikufikiriwa, na nyuso nyingi za watu wetu zilitoka kama kivuli. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja katika miaka ya 1990. Basi waulize waliomjua bibi: alikuwa maji ya kunde, au mweusi wa kung'aa? Vivuli usivipake nyeusi tupu. Tumia kahawia nzito yenye wekundu kidogo. Mng'ao wa paji la uso nao usiwe mweupe kama chokaa.

Kishawishi cha kulainisha

Kikwazo kikubwa hakimo kwenye simu, kimo ndani yetu. Kidole kinawasha: tufute makunyanzi, tuzibe mwanya, tumng'arishe kidogo. Zipo pia programu za akili mnemba zinazosafisha picha kwa muda mfupi sana. Lakini pale picha ilipofifia, programu hukisia tu kutokana na nyuso nyingine nyingi ilizofundishwa. Inaweza kukupa macho mazuri sana, ya mwanamke mwingine. Ule mkunjo kando ya mdomo ndio uliokuwa kicheko chake. Tukiufuta, tunawaachia watoto mgeni ukutani.

Kabla ya kuchapisha, mwonyeshe shangazi au mama mkubwa. Akisema, "Huyu siye," usikasirike. Muulize ni wapi: ni pua, ni nyusi, au ni namna ya kufunga kilemba? Mara nyingi ataonyesha mahali penyewe kwa kidole.

Picha ikishatoka, andika nyuma yake jina kamili la bibi na la kijiji chake. Ile ya zamani irudishwe mahali pakavu. Isitupwe.