Majitu hawakujenga Ulaya, na Meru haikujijenga

Juzi nilipanda matatu kutoka Meru kwenda Nairobi kupitia Embu. Vijana wawili walioketi mbele yangu walikuwa wamegawana simu moja. Video waliyokuwa wakitazama mmeiona, ama mmeona dada yake: muziki wa kutisha kidogo, kanisa kubwa la Ulaya lenye minara inayotoboa mawingu, halafu sauti nzito inauliza, ati watu wa farasi na kamba walijengaje kitu kama hiki? Tulipofika njia panda ya Chogoria tayari walikuwa wamekubaliana kwamba zamani kulikuwa na dola kubwa ya majitu iliyoitwa Tartaria, ikafunikwa na mafuriko ya matope, na kwamba Wazungu waliyakuta majengo yakiwa tayari wakaweka majina yao tu. Runyenjes mmoja akatoa hukumu: "Buda, shuleni walitubeba ufala."

Simcheki. Kusema kweli, swali lake ni zuri kuliko maswali mengi ninayosikia kwenye matatu. Mtu akisimama mbele ya jengo la mawe lenye urefu wa mita 157, hata kama ni kwenye skrini iliyopasuka, ana haki ya kuuliza nani aliliinua. Shida ni kwamba aliuliza swali halafu akakubali jibu la kwanza lililokuja na muziki.

Hebu tulichukue jengo lenyewe, maana lile la kwenye simu lilikuwa Kanisa Kuu la Cologne, Ujerumani. Ujenzi ulianza mwaka wa 1248. Ulikamilika 1880. Hesabu mwenyewe: miaka 632. Katikati pesa zikaisha, hamu ikaisha, na kazi ikasimama kwa takriban miaka 300. Mnara mmoja ukabaki nusu, na juu yake winchi ya mbao iliyokuwa ikiinua mawe ikaachwa hapo hapo, ikawa kama alama ya mji. Ilikaa karibu miaka 400, hadi ilipoteremshwa 1868. Kuna picha zake, picha za kamera kabisa. Winchi za aina hiyo ziliendeshwa na watu: unaingia ndani ya gurudumu kubwa la mbao, unatembea, gurudumu linazunguka, kamba inajikunja, jiwe linapanda. Siku nzima unatembea bila kufika popote. Yeyote aliyewahi kuwa mtu wa mkono kwenye mjengo atamtambua ndugu yake pale.

Na ramani je? Ipo. Mafundi wa enzi hizo walichora uso wa kanisa kwenye ngozi ndefu yenye zaidi ya mita nne. Mchoro huo ulipotea ukiwa vipande viwili. Kimoja kilipatikana mji wa Darmstadt mwaka wa 1814 na kingine Paris miaka miwili baadaye. Kazi ilipoanza tena 1842, waliufuata mchoro huo. Sijui jitu gani lingehitaji karatasi.

Kitu kinachonishawishi zaidi, lakini, ni makosa. Video hizi hazionyeshi makosa. Kule Beauvais, Ufaransa, walitaka kujenga kanisa refu kuliko yote. Mwaka wa 1284 sehemu ya dari ya mawe ikaporomoka. Wakarekebisha, wakaongeza mnara mrefu ajabu, nao ukaanguka 1573. Hadi leo kanisa hilo halijamalizika. Mnara wa Pisa, ambao kila mtalii hupiga picha akijifanya anausukuma, ulianza kujengwa 1173 na kabla ya ghorofa nyingi kupanda ulikuwa umeshaanza kuinama kwa sababu udongo wa chini ni laini. Hizo ni hadithi za watu tunaowajua: kontrakta aliyeharakisha, tajiri aliyetaka urefu kabla ya msingi. Tumeona maghorofa ya namna hiyo yakianguka hapa kwetu, na bila msaada wa Tartaria.

Kama bado una shaka, nenda ukaangalie walio hai. Msituni Guédelon, Ufaransa, tangu 1997 kuna watu wanajenga ngome nzima kwa vifaa na mbinu za karne ya 13: tindo, nyundo, chokaa, kamba, gurudumu la kutembelea. Inasimama. Na paa la Notre-Dame ya Paris lilipoungua Aprili 15, 2019, baadhi ya maseremala waliojifunza kazi kwenye ngome ile waliitwa. Miti ya mialoni kama 2,000 ilikatwa, na sehemu kubwa ya mihimili ikachongwa kwa shoka, kwa mkono, kama zamani. Desemba 2024 kanisa likafunguliwa. Miaka mitano na miezi. Vijana wengi waliokuwa na shoka hizo ni wa umri wetu.

Tartaria nayo si uongo mtupu, na hapo ndipo panapochanganya. Jina hilo limo kwenye ramani za kale za Ulaya. Lilikuwa jina la jumla walilolipachika eneo kubwa la ndani ya Asia ambalo wachora ramani hawakulijua vizuri, kama vile wengine walivyokuwa wakiandika "Afrika" na kuchora tembo mahali pa miji. Kutoka jina kwenye ramani hadi dola ya majitu ni kuruka kwa miguu miwili. Wapenzi wa hadithi hii pia hupenda kuonyesha maonyesho makubwa ya Chicago ya 1893, yale majumba meupe ya kifalme yaliyoonekana kuota ghafla na kutoweka. Yaliota ghafla kwa sababu mengi yalikuwa fremu zilizopakwa plasta iliyochanganywa na nyuzi za katani na jamii yake. Yalikusudiwa yakae msimu mmoja. Mwaka uliofuata mengi yakateketea kwa moto. Ni kama jukwaa la harusi, si mji.

Sasa, mtu ataniuliza, tatizo liko wapi? Waache vijana wajiburudishe. Ningewaacha, kama sentensi yenyewe, ile ya "hawa hawangeweza kujenga hivi", isingekuwa na historia mbaya upande wetu wa dunia.

Mwaka wa 1871 Mjerumani aitwaye Karl Mauch alifika Great Zimbabwe, akaona kuta za mawe zilizopangwa bila saruji, akaamua kwamba ni kazi ya Malkia wa Sheba. Waliomfuata wakasema Wafoinike. Yeyote, mradi asiwe Mwafrika. Mtaalamu David Randall-MacIver alichimba 1905 na kusema ni kazi ya wenyeji. Gertrude Caton-Thompson akasema hivyo hivyo 1929, kwa ushahidi zaidi. Haikutosha. Serikali ya walowezi ya Rhodesia iliendelea kubana ukweli huo, hadi mwanaakiolojia Peter Garlake akaondoka nchini mwaka wa 1970. Miaka kumi baadaye nchi ikachukua jina la kuta hizo. Huku pwani yetu, mji wa Gedi ulihesabiwa kwa miaka mingi kuwa wa wageni kutoka ng'ambo, hadi wasomi kama George Abungu na Chapurukha Kusimba walipoonyesha jinsi miji ya Waswahili ilivyokua kutokana na watu wa hapa hapa. Makanisa ya Lalibela, Ethiopia, yaliyochongwa ndani ya mwamba, nayo yamewahi kupewa mashujaa wa msalaba kutoka Ulaya.

Kwa hivyo nikisikia kijana wa Embu akisema binadamu wa kawaida hangeweza, masikio yanawasha. Silaha hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya babu yake. Sasa inamwelekea babu wa Mjerumani, nasi tunashangilia.

Kwenye maoni chini ya video kuna mwingine alikuwa ameandika, kwa Kiswahili safi, kwamba Wazungu wakijenga hayo sisi tulikuwa kwenye nyasi. Jamani. Mwaka wa 1248 mkulima wa Ulaya naye alikuwa chini ya paa la nyasi, pengine na ng'ombe wake chumba cha pili. Kanisa kuu halikuwa nyumba yake. Yeye alilipa tu.

Na hapo kwenye kulipa ndipo video hizi zinaponiudhi hasa. Ukisema majengo yalijengwa na majitu waliopotea, hakuna anayedaiwa. Brussels kuna lango kubwa lenye matao matatu, la Cinquantenaire, lililokamilika 1905. Ni zuri, sikatai; nimelitazama pichani mara nyingi. Mfalme Leopold wa Pili alilifadhili kwa faida za Kongo, wakati Kongo ilikuwa kama shamba lake binafsi na watu wakilazimishwa kukusanya mpira. Jumba la makumbusho la Tervuren, lililofunguliwa 1910, nalo lilijengwa kwa pesa hizo. Mawe yale yana asili, na asili yake si Tartaria. Iko karibu zaidi, ng'ambo ya Uganda tu.

Lakini tuwaache Wazungu na wafalme wao. Mjini Meru, jengo la mawe kongwe kuliko yote ni lile la Makavazi ya Meru. Lilijengwa 1916 kama ofisi ya DC. Ukisoma kuhusu mwanzo wa utawala wa Waingereza pale utakutana haraka na jina la E. B. Horne, aliyeweka kambi 1908. Wenyeji walimwita Kangangi. Jina la aliyechonga jiwe la kwanza silijui, na nimewauliza watu kadhaa mjini, hawalijui. Huo ulikuwa wakati wa vita, vijana wa nchi hii wakichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi hadi Tanganyika, wengi wasirudi. Sheria ya 1912 ilikuwa imewapa machifu nguvu ya kuwatoa watu nyumbani kwa kazi za umma watake wasitake. Katikati ya hayo yote, kuna mtu alishika tindo.

Ni vivyo hivyo ukishuka. Kigari, nje ya Embu, misheni ilianzishwa na Daktari Crawford 1910. Chogoria, Daktari Irvine, 1922. Majina haya tunayakariri. Embu tuna hata hoteli yenye jina la Izaak Walton, Mwingereza wa karne ya 17 aliyeandika kitabu kuhusu kuvua samaki kwa ndoana, na ambaye hakuwahi kuikanyaga Rupingazi. Yeye ana bango. Mafundi je, wale waliopasua mawe, waliobeba maji, waliopanda jukwaa la miti lisilo na kamba ya kujifunga? Cologne wana mchoro wa ngozi wa miaka 700. Sisi tuna miaka mia moja na tayari tumesahau.

Tusisingizie kwamba hakuna wa kumuuliza. Wa 1916 wameenda, ndiyo, lakini wajukuu wao wako, na waliojenga shule, makanisa na daraja za miaka ya 1950 wengine bado wanaota jua uani. Ukienda nyumbani Desemba, hiyo simu ya kutazama majitu ina kinasa sauti. Muulize guka jiwe lilitoka timbo gani. Nani alimfundisha kuchonga. Alilipwa nini, ama hakulipwa. Nani alianguka. Atakuzungusha kwanza, atakuuliza unaoa lini, vumilia. Halafu peleka nakula makavazini, wana kazi ya kuhifadhi vitu kama hivyo.

Matatu ilitoka Embu, tukateremka hadi tambarare ya Mwea. Zamani hapa palikuwa sehemu ya Wilaya ya Embu. Katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya mkoloni iliwaleta wafungwa wa Mau Mau kuchimba mifereji ya kunyunyizia maji mashamba ya mpunga. Walichimba kwa majembe na sururu. Maji bado yanapita humo, na pishori tunayokula kwenye sherehe inatoka humo. Pande zote mbili za barabara mpunga ulikuwa kijani, mifereji imenyooka kama imepigwa rula, mama mmoja amesimama kwenye matope hadi magotini.

Vijana wale wawili hawakuangalia dirishani. Walikuwa wamefika sehemu ya pili ya video.