Mtaa Ukijengwa Upya, Nani Atarudi?

Kijana wa Mombasa, wewe uliyezaliwa nyumba za kaunsili, au mamako alizaliwa huko, hii yakuhusu.

Mpango wa kaunti wa kujenga upya mitaa ya zamani si wa jana. Ulitangazwa enzi ya Gavana Joho: Buxton, Khadija, Mzizima, Changamwe, Likoni na mingineyo. Buxton ndio uliotangulia. Nyumba zaidi ya 500 za tangu mkoloni zilianza kubomolewa 2021, magorofa yakapanda. Kaunti ilitoa ardhi, mwekezaji binafsi akatoa pesa.

Tusidanganyane, zile nyumba zilikuwa zimechoka. Anayesema ziachwe kwa sababu ni "historia yetu" mara nyingi halali humo.

Suala ni nani atarudi. Wapangaji wa Buxton walipewa shilingi 240,000 za kuhamia. Zigawe kwa miezi 12, ni 20,000 kwa mwezi, si haba. Ujenzi ukienda miaka miwili ni 10,000, na kwa hizo kisiwani tafuta chumba, si nyumba ya watoto watano. Halafu mtu aliyezoea kodi ya kaunsili aambiwa ana nafasi ya kwanza ya kununua. Anunue kwa nini, kwa pesa ya mkokoteni wa viazi karai?

Ataambiwa achukue mkopo wa benki. Hapa sisi Waislamu tuseme wazi: mkopo wenye riba ni haramu kwetu, na mpango wa nyumba usio na njia nyingine umetufungia mlango bila kututaja. Njia zipo. Mabenki ya Kiislamu yako Kenya tangu 2008, ijara yafahamika, na upangaji wa kulipa pole pole hadi nyumba iwe yako wawezekana. Lakini lazima iandikwe kwenye mkataba kabla tingatinga halijafika. Baada ya hapo utaomba hisani tu.

Na daftari la wapangaji je? Jina lililoandikwa huenda ni la babu aliyefariki kitambo, na ndani mwaishi familia tatu. Hundi ikija italipwa jina, si matumbo. Kaeni nyumbani mlimalize hilo sasa, hata kwa kadhi ikibidi, manake pesa zikishuka ndugu hugeuka.

Kifungu cha 43 cha Katiba chakupa haki ya makao ya kufaa. Cha 35 chakupa haki ya kuuliza, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yampa afisa siku 21 kukujibu. Basi wewe na wenzako wa baraza andikeni barua moja, ukurasa mmoja watosha. Ombeni mkataba wa kaunti na mwekezaji, orodha ya wapangaji, na bei za nyumba. Bakisheni nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, tarehe ionekane. Siku ya 22 bila jibu, tuleteeni hiyo nakala.