Daftari la chama litangulie janga

Mipaka ilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya Uviko-19, malori ya mizigo yaliendelea kupita Malaba na Namanga, madereva wakipimwa. Mama mwenye tenga la nyanya alirudishwa. Madereva walikuwa na vyama vya kuwasemea. Wachuuzi wengi hawakuwamo kwenye orodha yoyote.

Mwaka uliofuata chanjo nazo zilikuja kwa nyakati tofauti: Rwanda Februari, Kenya na Uganda Machi, Tanzania Julai, Burundi Oktoba. Anayenunua nchi moja na kuuza nyingine alihitaji kujua achanjwe wapi, na cheti chake kitakubaliwa wapi.

Mwaka 2024 mpox ilikumbusha kwamba ugonjwa hausubiri watu wajipange. Vyama vya wafanyabiashara wa mipakani viandikishe wanachama sasa, viwe na mfuko wa dharura na viteue mtu wa kufuatilia maelekezo ya chanjo katika kituo cha afya cha mpakani. Serikali ziyatoe maelekezo hayo kwa Kiswahili, na kila upande utambue cheti cha mwenzake. Mwanachama naye alipe ada na atunze cheti chake. Msaada humfikia anayejulikana alipo.