Hiyo Siyo Sindano ya Kisukari Changu

Wauzaji wa sindano za kukondesha wameipa bidhaa yao jina la "sindano ya kisukari", na ugomvi wangu nao unaanzia hapo. Sindano ya kisukari ninayo. Najichoma mara nne kwa siku tangu nikiwa darasa la sita kule Bukene, na haijawahi kunikondesha. Kazi yake ilikuwa kunirudishia mwili.

Wanaonijua tangu utotoni wanakumbuka nilivyokuwa kabla ya insulini: mbavu za kuhesabika, maji nakunywa kama ng'ombe, majirani wananong'ona habari za kurogwa. Nilipoanza kujaa mashavu, bibi alikuwa akiniita mbele ya wageni ili wanitazame. Kwetu Unyamwezini kunenepa kwangu kulikuwa habari njema. Dar es Salaam, ninakosoma shahada ya pili, mwili uleule unaulizwa, "Mbona umejiachia, dada?"

Kwa hiyo simcheki mgonjwa wa aina ya kwanza anayeitamani sindano hiyo. Ninaowalaumu ni wahudumu wanaomjibu, "Wewe shukuru unaishi, uzito wa nini?" Jibu hilo halimwondolei hamu, linampeleka kwa muuzaji wa WhatsApp. Wengine linawapeleka pabaya zaidi: wanaruka dozi za insulini makusudi ili sukari itoke na mkojo, wakonde. Na hukonda kweli, kwa sababu mwili unajila wenyewe.

Tuelewane kuhusu dawa. Semaglutaidi, inayouzwa kwa majina ya Ozempic na Wegovy, huiga homoni ya utumbo. Hupunguza njaa, huchelewesha chakula tumboni, na hulihimiza kongosho litoe insulini. Ozempic iliidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa kisukari aina ya pili, ambako kongosho bado lina cha kutoa. La kwangu halina. Kulihimiza ni kupiga hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Dawa hii haiwezi kushika nafasi ya insulini kwa mtu kama mimi, na hilo sijaliona kwenye tangazo hata moja.

Sasa tuseme nazitumia zote mbili. Nimejichoma kwa ajili ya ugali wa mchana. Insulini inafika kwa wakati wake, ugali bado umekaa tumboni. Sukari inashuka, mikono inatetemeka. Siku nyingine kichefuchefu kinanizuia kula kabisa, na kwa hofu ya kushuka naacha insulini. Hapo ketoni hujaa kwenye damu na kuigeuza sumu. Natapika, nami najiambia ni ile dawa tu, itapita. Mtu anaweza kufa akiwa anajiambia hivyo.

Hizi si hofu za kijijini. Utafiti wa ADJUNCT ONE uliochapishwa mwaka 2016 uliwahusisha watu wazima 1,398 wenye aina ya kwanza, kwa wiki 52. Baadhi walipewa liraglutaidi, ndugu wa dawa hii, juu ya insulini yao. Wengine sindano isiyo na dawa. Waliopata dozi kubwa walipungua uzito, kiasi cha kilo 5 hivi kuliko wenzao. Walishuka sukari mara nyingi zaidi pia, na visa vya sukari ya juu yenye ketoni vikaongezeka. Hata hivyo Ulaya na Marekani wapo madaktari wanaoziandika zote mbili, kwa mgonjwa mwenye kihisio mkononi kinachosoma sukari kila dakika chache. Siwapingi. Wana macho ya kuona hatari inapokuja.

Sisi tuna stripu. Kopo moja lina 50; ukipima mara sita kwa siku, siku ya tisa huna kitu. Za kupimia ketoni, ziulizie katika maduka ya dawa ya barabara ya Nzega uone utakavyotazamwa. Insulini yenyewe mama aliihifadhi kwenye mtungi uliozungushiwa mchanga wenye maji, na watu walimcheka. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti kutoka Dadaab, Kenya, unaoonyesha kwamba insulini hudumu wiki nne katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Mama hakuwa na muda wa kuwasubiri.

Novo Nordisk, inayotengeneza Ozempic, ni mtengenezaji mkubwa wa insulini pia. Nisiwe mchoyo wa fadhila: mpango wake wa Changing Diabetes in Children, ulioanza mwaka 2009, umewapa watoto wengi insulini bure, Tanzania ikiwemo. Lakini mwaka 2024 kalamu zake za insulini ya binadamu zilikoma kufika hospitali za umma za Afrika Kusini, wakati huohuo dunia ikiigombania Ozempic. Na mpango wa watoto, kama jina lake, una ukomo wa umri. Mimi naukaribia. Chupa ya mwezi utakaofuata nitaipata wapi? Sijaona mtu yeyote akiweka swali hilo kwenye status.

Daktari akiniuliza leo kama naitaka sindano ya kupunguza uzito, nitamjibu kwamba naitaka. Aanze kuniandikia makopo manne ya stripu kila mwezi, na moja la ketoni.